Sura ya Nne: Mrusho wa Kwanza

Mazoezi ya kurusha huharibika katika dakika zake za mwanzo. Pita kwenye viwanja vya shule mkoani Pwani saa kumi jioni, na mara nyingi utakuta mambo yanakwenda hivi: mpira unatolewa ofisini, aliyeuwahi anaudunda mara mbili, kisha anarudi nyuma ya mstari wa pointi tatu na kuurusha kwa nguvu zake zote. Unagonga ubao na kuruka pembeni. Wenzake wanaukimbilia, na aliyeupata naye anarudi kulekule mbali. Dakika kumi zikipita, kocha anapuliza filimbi: "Haya, mmeshapasha, tuanze."

Katika dakika hizo kumi mwili umefundishwa mengi, na karibu yote ni mabaya. Miguu iliyolala haikusukuma, hivyo bega limejifunza kufanya kazi ya miguu. Kiwiko kimetoka nje ya mstari ili mpira ufike. Jicho limezoea kuuona mpira ukipinda kushoto au ukianguka kabla ya ringi. Halafu mchezaji huyohuyo anaambiwa sasa arushe kwa ufundi, ilhali somo la kwanza alilolipata jioni ile lilikuwa la kutupa ovyo.

Nawaandikia vijana wa Kibiti, Bungu, Nyamisati na vijiji vya delta ya Rufiji, pamoja na walimu wao, na katika sura hii nina neno moja la kuwasisitizia. Kupasha misuli ni sehemu ya kwanza ya mazoezi ya kurusha. Kila mpira unaotoka mkononi katika dakika hizo mwili unauweka akiba kama somo. Kwa hiyo mrusho wa kwanza wa siku lazima uwe mrusho mzuri, na njia ya uhakika ya kuupata ni kuandaa miguu kwanza, kisha kuanza karibu kabisa na ringi.

Mwili umetoka wapi leo?

Vitabu vingi vya mchezo huu vimeandikwa kwa mchezaji aliyeshuka kwenye gari mbele ya ukumbi. Mchezaji wa kwetu huja uwanjani na siku nzima mwilini mwake. Mto Rufiji unapokaribia Bahari ya Hindi hugawanyika matawi mengi, na kati ya matawi hayo umeota msitu wa mikoko wenye zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko mwingine wowote wa Afrika Mashariki. Kwa watu wa Mbwera, Msala, Mbuchi na Salale, njia ni maji. Safari hupangwa kwa kujaa na kupwa, na anayekuja Nyamisati ili apande gari la kwenda Kibiti anaweza kuwa ameamka kabla ya alfajiri kuuwahi mkondo.

Tazama basi wachezaji wanne wanaoingia uwanjani jioni moja. Wa kwanza amesimama kwenye mtumbwi asubuhi akisukuma kwa upondo. Mabega na mgongo wake vimefanya kazi nzito, damu imezunguka vya kutosha, lakini bega la upande mmoja limechoka kuliko la pili. Wa pili alikuwa abiria katika chombo hichohicho, amekaa kwenye ubao mwembamba magoti yakiwa yamekunjwa, na nyonga zake zimekaza. Wa tatu ametoka darasani baada ya kutwa nzima kwenye dawati, mgongo umejikunja na kifua kimejifunga. Wa nne, kama ni msimu wa korosho, ameinama chini ya mikorosho ya nyumbani akiokota, na kiuno chake hakitaki kunyooka.

Ukiwapa wote wanne raundi tano za kuzunguka uwanja, umempa kila mmoja dawa ya ugonjwa usio wake. Aliyesukuma mtumbwi hahitaji raundi tano. Anahitaji kulegeza mabega na kuiamsha miguu iliyokuwa imesimama tuli. Abiria anahitaji kuchuchumaa, kupiga hatua ndefu za kufungua nyonga na kuzungusha vifundo vya miguu. Wa dawatini anahitaji kufungua kifua na kupeleka mikono juu ya kichwa mara nyingi, kwa sababu mkono usiofika juu kwa wepesi hauwezi kuachia mpira mahali sahihi. Mwenye kiuno kilichokaza anahitaji kukizungusha taratibu kabla hajaruka hata mara moja.

Kwa hiyo kocha aanze na swali kabla ya filimbi: umetoka wapi, na umefanya nini tangu asubuhi? Jibu la mchezaji linampa nusu ya mpango wa kupasha. Swali hilo pia linamfundisha kijana kuusikiliza mwili wake, na siku ambayo kocha hayupo atajiuliza mwenyewe.

Jua halipashi msuli

Mgeni anayeshuka Kibiti mwezi Januari huweza kuuliza kwa nini mtu apashe misuli mahali ambapo jasho linatoka akiwa amekaa. Swali ni zuri, na lina jibu.

Mwaka 1945 watafiti wawili wa Denmark, Erling Asmussen na Ole Bøje, walichapisha kazi iliyokuja kuwa msingi wa elimu yote ya kupasha mwili. Waliwapandisha watu baiskeli ya maabara na kupima uwezo wao wa kufanya kazi ya haraka, wakiwa wamepasha na wakiwa hawajapasha. Waliopasha walifanya vizuri zaidi, na jambo lililofuatana na uwezo huo lilikuwa joto la msuli wenyewe, zaidi ya joto la kiini cha mwili. Msuli wenye joto hujikunja na kujinyoosha haraka zaidi. Taarifa hupita upesi kwenye mishipa ya fahamu, na oksijeni huachiwa kwa urahisi zaidi kutoka kwenye damu.

Jua la pwani linachoma ngozi na kukutoa jasho, lakini msuli wa paja uliokaa kimya chini ya jua bado haujaandaliwa kuruka. Joto tunalolitaka hutengenezwa na msuli ukifanya kazi. Habari njema ni kwamba halichukui muda mrefu: msuli hupata joto haraka katika dakika 3 hadi 5 za mwanzo za mwendo, na baada ya dakika 10 hadi 20 joto hilo haliongezeki tena sana. Na ukikaa chini robo saa, sehemu kubwa ya faida hiyo imekwisha.

Kwa nchi yetu ya joto, hapo tunapata kanuni mbili. Ya kwanza, dakika za kukimbia ziwe chache. Timu inayokimbia nusu saa katika unyevu wa pwani kabla ya kugusa mpira huongeza joto la kiini cha mwili na kupoteza maji, na wakati wa kurusha ukifika miguu imeshachoka. Fanya sehemu ya kukimbia kivulini kama kuna mwembe au mkorosho karibu na uwanja, na kila mtu anywe maji kabla hajaanza. Ya pili, usimalize kupasha kisha ukahutubia. Kocha mwenye maneno mengi ayaseme kabla ya kupasha, wachezaji wakiwa wamekaa, ili mwili ukishapata joto uende moja kwa moja kwenye ringi.

Mwezi wa Ramadhani unadai hesabu yake. Wachezaji wengi wa Kibiti na delta hufunga, na mazoezi ya alasiri bila maji mwilini hayafai kuwa ya kukimbia na kuruka. Kocha mwenye busara huugeuza mwezi huo kuwa mwezi wa mkono: kupasha kwepesi kivulini, mirusho michache ya karibu, na kazi nzito isogezwe usiku baada ya futari na sala palipo na taa.

Kutoka mchakamchaka hadi kuruka

Kila aliyesoma shule ya Tanzania anaujua mchakamchaka: mistari miwili, wimbo, na miguu inayopiga chini kwa pamoja. Ni mwanzo mzuri sana wa kupasha, na hatuna sababu ya kuutupa kwa kuwa tumeanza kikapu. Unapandisha mapigo ya moyo polepole na kuwakusanya watu kuwa kitu kimoja, na kwa kuwa wanaimba, kocha hupata kipimo cha bure: anayeshindwa kuimba anakimbia kasi kuliko inavyotakiwa.

Tatizo la mchakamchaka ni kwamba unakwenda mbele tu. Mchezaji wa kikapu husogea kwa ubavu akilinda, hurudi kinyumenyume, husimama ghafla, huruka na kutua. Kwa hiyo dakika mbili za mwanzo ziwe za kukimbia kawaida mkiimba. Baada ya hapo geukeni: urefu mmoja wa uwanja kwa ubavu wa kulia, mmoja kwa wa kushoto, mmoja kinyumenyume, mmoja magoti yakipanda hadi usawa wa nyonga, mmoja visigino vikigusa makalio. Ifikapo dakika ya tano jasho jepesi limeanza kutoka.

Ndipo zamu ya viungo. Hapa wengi hukaa chini wakanyoosha msuli mmoja na kuushikilia muda mrefu, huku kocha akihesabu. Tafiti za miaka mingi zinaonyesha kwamba msuli ulionyooshwa na kushikiliwa kwa zaidi ya dakika moja hupungukiwa nguvu na uwezo wa kuruka kwa muda baada ya hapo. Kunyoosha kwa sekunde chache hakuna madhara makubwa, na kunyoosha kwa muda mrefu kuna faida zake mazoezi yakiisha. Kabla ya kurusha, nyoosha kwa kutembea na kusogea: hatua ndefu ya mbele goti la nyuma likikaribia ardhi, kiwiliwili kikigeuka upande wa mguu wa mbele, kuchuchumaa hadi chini visigino vikiwa vimekanyaga, kubembea mguu mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, kuinuka kwa vidole na kushuka polepole kwa ajili ya vigimbi. Kila tendo mara 6 hadi 8 linatosha.

Mabega yazungushwe mbele na nyuma, mikono ipande juu ya kichwa na kushuka, vifundo vya mikono vikunjwe na kukunjuliwa. Vidole visisahaulike, kwani ndivyo vinavyougusa mpira mwisho.

Mwisho wa sehemu hii ni kuruka na kutua. Ruka kidogo, tua kwa miguu miwili kimya, magoti yakiwa yamekunjwa na yakitazama mbele bila kuingia ndani. Rudia mara 5. Ruka kwa mguu mmoja, tua kwa huohuo, tulia sekunde mbili. Kazi hii ndogo ina ushahidi mkubwa nyuma yake. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika shule za sekondari za umma za Chicago, Marekani, kwa wasichana wa soka na kikapu. Makocha walipewa mafunzo mafupi ya kuongoza kupasha kwa dakika 20 kunakozingatia nguvu, mizani na namna ya kutua. Timu zilizofuata utaratibu huo zilipata majeraha ya miguu yasiyotokana na kugongana kwa kiwango kilichopungua kwa zaidi ya nusu, zikilinganishwa na zilizopasha kwa mazoea yao. Zilikuwa shule za kawaida za mjini, na walioongoza ni walimu wao wenyewe. Kwa msichana wa Kibiti anayeichezea timu ya kata yake, ambaye akiumia goti anaweza kuukosa msimu mzima, hizo ni dakika zenye thamani kuliko nyingine zote.

Jicho na mkono navyo hupoa

Sasa misuli iko tayari. Je, mrusho uko tayari? Bado.

Mtu mwenye ustadi wa kulenga akipumzika, hata kwa dakika chache tu, majaribio yake ya kwanza anaporudi huwa mabaya kuliko aliyoyaacha. Hajasahau ufundi, kwani baada ya majaribio machache anakuwa amerudi palepale. Mwaka 1971 Jack Nacson na Richard Schmidt walichapisha majaribio yaliyoeleza hali hiyo. Maelezo yao yalikuwa kwamba mtu anapofanya kazi ya ustadi huwa amejipanga ndani: kiasi cha msisimko, mahali pa kuelekeza akili, mdundo, kiasi cha nguvu. Akipumzika, mpangilio huo hulegea. Waliopewa, wakati wa mapumziko, kazi nyingine inayodai mpangilio wa namna hiyohiyo, hata kwa kiungo tofauti, walirejea bila kupoteza sana.

Mtu wa delta anaweza kulifahamu jambo hili kwa urahisi. Msukumaji mzuri wa mtumbwi, akishaingia kwenye tawi la mto, huuzamisha upondo mara mbili tatu kwa upole ili mkono wake uujue udongo wa chini na kina cha leo, ndipo asukume kwa nguvu. Nguvu anazo tangu nyumbani, ila kipimo lazima akipate upya kila safari.

Mrushaji naye anatafuta kipimo: leo mpira huu una upepo kiasi gani, ringi hii imeinama wapi, miguu yangu inasukuma kiasi gani, upepo wa bahari unatoka upande upi. Vipimo hivyo havipatikani kwa kukimbia. Hupatikana kwa kurusha kwa uangalifu kutoka mahali ambapo kosa dogo linaonekana wazi.

Hatua moja kutoka kwenye ringi

Ringi iko mita 3.05 kutoka chini, na imekuwa kwenye kimo hicho tangu James Naismith alipotundika vikapu vya matunda huko Springfield, Marekani, Desemba 1891. Ndani ina upana wa sentimita 45. Mpira wa wanaume, namba 7, una upana wa sentimita 24 hivi. Kwa macho inaonekana nafasi ni kubwa, karibu mipira miwili kwa pamoja. Lakini nafasi hiyo yote iko wazi tu kwa mpira unaoshuka wima kutoka juu. Ukiingia kwa nyuzi 45, mlango unaouona mpira ni sentimita 32 hivi. Ukiingia chini ya nyuzi 32, mlango umekuwa mwembamba kuliko mpira, na hauwezi kupita bila kugusa chuma.

Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ana kimo cha mita 2.21. Akiinua mikono, ringi ni jirani yake. Sisi wengine tunahitaji upinde: mpira upande juu kisha ushuke. Na upinde hutoka kwenye miguu. Mrushaji ambaye miguu yake imelala hurusha mpira ulionyooka, unaogonga sehemu ya mbele ya ringi. Ukiona mipira ya mwanzo ya mchezaji ni mifupi na imelala, usimwambie aongeze nguvu ya mkono. Mrudishe akachuchumae.

Anza hivi. Simama hatua moja kubwa mbele ya ringi, katikati. Shika mpira kwa mkono wa kurushia peke yake, kiganja kikiwa chini yake, kiwiko kikielekea kwenye ringi, mkono wa pili mgongoni. Kunja magoti, inuka, achia mpira ukiwa juu, na uache kifundo cha mkono kikunjwe kuelekea chini kana kwamba vidole vinaingia ndani ya ringi. Mpira uzunguke kurudi nyuma ukiwa hewani. Lengo ni mpira uingie bila kugusa chuma wala ubao. Ukigonga upande, kiwiko kimepinda. Ukigonga mbele, miguu haikusukuma. Kwa umbali huo hakuna pa kusingizia, na ndiyo maana ni mahali bora pa kujifunza.

Mipira 5 safi ikiingia, rudisha mkono wa pili kuwa mlinzi wa pembeni, asiyesukuma, kisha urushe 5 nyingine. Rudi nyuma hatua moja. Hapo tena 5. Sogea kulia, sogea kushoto. Kanuni ya kurudi nyuma ni moja: mpira ndio unaotoa ruhusa. Ikiingia mitatu mfululizo kwa upinde uleule, rudi hatua. Ikikosekana miwili mfululizo, sogea mbele. Hivyo unafika kwenye mstari wa adhabu, mita 4.6 kutoka ubaoni, ukiwa na mrusho uleule ulioanza nao chini ya ringi. Mstari wa pointi tatu, ulio mita 6.75, ni wa mwisho, na kuna siku ambazo mchezaji mchanga hatakiwi kuufikia kabisa. Usione haya.

Anayedhani kwamba kuanza karibu ni jambo la watoto amtazame Stephen Curry. Mwaka 2009, ambapo Memphis Grizzlies walimchagua Thabeet akiwa wa 2 katika uteuzi wa NBA, Curry alichaguliwa wa 7 na Golden State Warriors. Desemba 14, 2021 aliivunja rekodi ya Ray Allen na kuwa mfungaji wa pointi tatu nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya ligi hiyo. Watu huwahi ukumbini ili kumwona akipasha kabla ya mechi, na wengi hukumbuka mirusho yake ya mbali ya mwisho. Lakini yeye huanza kwa kudunda mipira miwili, kisha hurusha karibu na ringi kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na hurudi nyuma kwa utaratibu. Mbali anafika kwa sababu ametokea karibu.

Jicho nalo lipewe kazi tangu mrusho wa kwanza. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichapisha mwaka 1996 utafiti wake wa macho ya warushaji wa mitupo ya adhabu. Warushaji bora waliutuliza mtazamo wao mahali pamoja kwenye ringi kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuanza kurusha. Mfundishe mchezaji achague sehemu moja, tuseme mbele ya ringi au ndoano ya wavu, aitazame akiwa bado ameshika mpira, na asiiache mpaka mpira utoke mkononi. Karibu na ringi, ambako hana haraka, ndipo tabia hiyo inapojengeka.

Mpira mmoja, wachezaji wengi

Mwalimu ataniambia kwamba haya yote ni mazuri kwa timu yenye mipira kumi. Shule nyingi za huku zina mmoja au miwili, ringi moja iliyo nzima, na uwanja wa udongo ambao wakati wa masika haudundishi mpira hata kidogo. Basi tuupange mpango kwa hali hiyo.

Steve Nash alirusha mitupo ya adhabu kwa mafanikio ya zaidi ya asilimia 90 katika maisha yake yote ya NBA, na kabla ya mwamuzi kumpa mpira alikuwa akisimama kwenye mstari na kurusha bila mpira: magoti, mkono, kifundo, vyote kwa ukamilifu. Unakumbuka majaribio ya Nacson na Schmidt: kinachopoa ni mpangilio, na mpangilio unaweza kuamshwa bila kifaa chenyewe. Kwa hiyo asiye na mpira asisimame mikono kiunoni akisubiri zamu. Awe na kazi.

Gawa wachezaji 18 katika vikundi vitatu vya watu sita. Kikundi cha kwanza kiko kwenye ringi na mpira, kila mmoja akirusha kutoka hatua moja na kujiokotea mwenyewe, kisha anampa anayefuata. Kikundi cha pili kiko mbele ya ukuta wa darasa, au wawiliwawili wakitazamana, kikirusha bila mpira, kwa macho yaliyotulia kwenye alama ya chaki ukutani au juu ya kichwa cha mwenzake. Mwenzake amwangalie kiwiko na magoti, amsahihishe. Kikundi cha tatu kinaruka na kutua. Kila dakika mbili, badilisheni. Kama kuna mpira wa pili, hata wa soka, uende kwa kikundi cha pili: warushiane kwa upinde, kila mpira uzunguke kurudi nyuma na kufika mkononi mwa mwenzake bila yeye kusogea.

Uwanja ukiwa na tope, acheni kudunda, lakini kurusha kunaendelea. Na watoto wa shule za msingi msiwarushishe kwenye ringi ya wakubwa kwa mpira wa wakubwa. Kikapu cha watoto huchezwa kwa ringi ya mita 2.60 na mpira namba 5. Mtoto anayelazimishwa kuifikia mita 3.05 huanzia kurusha kwenye kiuno na bega, na huchukua miaka kuyafuta mazoea hayo. Kipande cha chuma cha duara kwenye nguzo fupi kinamfaa kuliko ringi ya kisasa asiyoiweza.

Wasichana nao wapewe mpira namba 6 ukiwapo, na wapewe ringi kwa muda sawa na wavulana. Penye ringi moja, mazoea ya kuwaachia dakika za mwisho wakati giza linaingia yanawanyima kipimo tunachokizungumza katika sura hii nzima.

Dakika ishirini

Ukitaka mpango wa kubandika ukutani, ni huu. Dakika ya 1 hadi 5: mchakamchaka, ubavu, kinyumenyume. Dakika ya 6 hadi 10: viungo kwa kusogea, kila mmoja akiongeza kile ambacho siku yake inadai, na kumalizia na kuruka na kutua. Dakika ya 11 hadi 18: vikundi vitatu, ringi, ukuta na miguu, kuanzia hatua moja na kurudi nyuma kwa ruhusa ya mpira. Dakika ya 19 na 20: kila mchezaji apokee pasi akiwa kwenye mwendo, asimame, aruke na kurusha kwa kasi ya mchezo kutoka mahali anaporushia kwenye mechi. Baada ya hapo mazoezi ya siku yaendelee bila kusimama.

Wachezaji wakipumzika kunywa maji katikati, warudi na mirusho mitatu ya karibu kabla ya kuendelea. Mchezaji anayeingia kutoka benchi aamshe mkono wake bila mpira akiwa bado amesimama pembeni.

Mpango huu una kazi yake kubwa siku ya mashindano. Mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, huanzia shuleni, hupanda kata, wilaya, mkoa hadi taifa, na kila ngazi unayopanda hukupeleka kwenye uwanja usioujua. Timu inaweza kufika imechelewa kwa sababu ya maji kupwa au gari kuharibika, ikaoneshwa nusu ya uwanja na kuambiwa ina dakika chache. Timu iliyozoea kurusha ovyo itazimaliza dakika hizo ikikimbizana na mipira iliyokosa. Timu iliyozoea mpango huu itajipanga bila kuambiwa: kikundi kwenye ringi, kikundi ukutani, kikundi kinaruka. Mmoja wao, si lazima kocha, ataongoza. Kwa hiyo kuanzia wiki hii, kila siku ya mazoezi mpe mchezaji tofauti kazi ya kuongoza kupasha, kuanzia wimbo wa mchakamchaka hadi mrusho wa mwisho, na wewe simama pembeni umwangalie. Siku atakapoweza kuwaongoza wenzake dakika zote 20 na kueleza kwa nini kila tendo liko mahali pake, utakuwa na mchezaji anayejua kujiandaa mwenyewe, popote atakapokwenda kucheza.